Kuishi ndani ya mashua Tanga na kuvuka hadi Pangani: mwongozo kamili wa kutopwelewa

Wengi wanaoanza kulala chomboni hapa Tanga hukwama mahali pamoja. Wanafika jioni, wanaona maji mengi, wanatia nanga, wanapika, wanalala. Saa nne usiku wamepwelewa: maji yameshuka na chombo kimelala ubavu juu ya fungu la mchanga, sufuria zimemwagika na ngama, yaani chini ndani ya chombo maji yanapokusanyika, imejaa. Wakitoka hapo wanakwenda Pangani, wanafika mlangoni mwa mto wakati maji yanatoka, na wanapigwa na mawimbi wakiwa wanaiona pantoni kwa macho.

Mambo haya mawili yana chanzo kimoja: siku imepangwa kwa saa ya simu na maji hayakuulizwa. Hapa kila kazi, kuanzia kuosha sahani hadi kung'oa nanga, imepangwa kwa kufuata maji.

Nimelenga mashua ya mbao ya mita 7 hadi 10, mlingoti mmoja, watu wawili hadi wanne. Mwenye chombo cha fiba ataruka habari za kalafati (pamba ya kuzibia nyufa za mbao) na deheni (mafuta ya kupaka mbao za chini). Mengine yote yanamhusu.

## Vifaa: viwe chomboni kabla ya usiku wa kwanza

Vya nanga
- Nanga mbili. Moja ya kulalia, ya pili ya akiba, kila moja na amari (kamba ya nanga) yake.
- Amari ya nailoni isiyopungua mita 50 kwa nanga kubwa, na mnyororo wa mita 4 au 5 kati ya amari na nanga.
- Bildi: kipande cha risasi au chuma kwenye kamba iliyofungwa fundo kila mita moja. Kinapatikana bure na kinaokoa chombo kizima.

Vya usalama
- Jaketi okozi moja kwa kila mtu, na kila mtu awe amelijaribu mwilini.
- Dira, tochi mbili, filimbi, taa nyeupe ya usiku ya kuning'iniza juu.
- Simu mbili ndani ya mifuko isiyopitisha maji, na pawabenki iliyojaa.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi huo, lililochapishwa kwenye karatasi.

Vya ngama na matengenezo
- Ndoo mbili, kata ya kufulia maji (kuyachota na kuyatoa chomboni), sponji, fimbo yenye alama.
- Pamba ya kalafati, nyundo ya mbao, patasi butu, misumari, vipande vya mbao laini vya kuzibia, vitambaa vikuukuu.

Vya maisha
- Madumu ya lita 20, kwa hesabu ya Hatua ya 5.
- Jiko la mkaa na sanduku la mbao lililojaa mchanga wa kuliwekea.
- Chandarua, turubai, mifuko ya taka, ndoo ya choo yenye kifuniko.
- Mchele, unga, ng'onda au dagaa, vitunguu, ndimu, ndizi mbichi. Machungwa ya Muheza yanakaa siku nyingi yakiwa kivulini na yenye hewa. Nyanya zisizoiva sana zichukuliwe soko la Mgandini siku moja kabla, si wiki moja kabla.

## Hatua ya 1: Soma mwezi kabla ya kusoma simu

Kwenye pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji yanapanda sana na kushuka sana. Mwezi nusu tunapata maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa shika jambo hili, kwa sababu ndilo linalowapweleza watu. Siku za bamvua, Tanga maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni. Hupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo anayefika jioni ya bamvua anayakuta maji yakiwa juu kabisa. Anachokiona kama bandari ni fungu lililofunikwa kwa muda.

Siku za maji mafu mambo yanageuka: maji hujaa kuelekea saa nne na saa tano asubuhi, na jioni saa kumi au kumi na moja ndipo yanapokuwa chini. Ukitia nanga jioni hiyo na chombo kinaelea vizuri, ni nadra kikauke usiku huo.

Tofauti kati ya kujaa na kupwa siku za bamvua inazidi mita 3. Bamvua za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote. Kwa hesabu zetu tutatumia mita 3 na nusu.

Tena maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kujaa huoni kitu, na hapo ndipo mtu anaposema "hapa pako sawa" na kwenda kulala. Saa ya tatu na ya nne, hizo mbili tu, zinaondoa karibu nusu ya maji yote.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema, bila kufungua simu, leo maji yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi, ukikosea kwa nusu saa tu. Kisha lithibitishe jibu lako kwa jedwali.

## Hatua ya 2: Chagua pa kulala

Shuka dikoni, wanakoshukia wavuvi, ukasalimie kwanza. "Shikamoo mzee, hapa maji yakipwa panabaki nini?" Swali hilo linakupa mwamba ulipo, nyavu zilipotegwa na njia wanayopita wavuvi usiku. Pale penye ofisi ya BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani), jiandikishe. Ukipotea, ndio watakaojua kwamba ulikuwepo.

Ghuba ya Tanga ina faida yake. Ras Kazone inazuia sehemu kubwa ya upepo wa kusi, kwa hiyo kuanzia Mei hadi Septemba unaweza kulala vizuri upande wa ndani. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, mawimbi huingia ghubani na usingizi unakuwa wa kuyumba. Ingia ndani zaidi.

Angalia mambo haya manne:

1. Chini kuna nini. Paka sabuni au grisi chini ya bildi, itupe, ivute. Mchanga au tope vitaganda juu yake. Hapo nanga itashika. Ikirudi safi na imekwaruzwa, ni mwamba. Usitie nanga hapo: unavunja matumbawe, na asubuhi nanga haitoki.
2. Njia ya meli. Tangu bandari ichimbwe hadi kina cha mita 13, meli kubwa zinaingia mpaka gatini. Kaa mbali na maboya ya njia yao.
3. Nafasi ya kuzunguka. Upepo na maji vikigeuka, chombo kitazunguka nanga kwa urefu wote wa amari. Pima kwa macho duara hilo zima, usipime ulipo peke yake.
4. Mikoko. Kulala ubavuni mwa mikoko ni kulala na mbu. Sogea mita mia mbili tatu nje, na chandarua ufunge vilevile.

## Hatua ya 3: Tia nanga kwa hesabu

Tuseme umefika saa kumi na nusu jioni, siku ya bamvua. Mashua yako inazama sentimita 80. Bildi inasema mita 4. Maji yatashuka mita 3 na nusu. Itabaki nusu mita, na wewe unahitaji sentimita 80. Saa tatu na nusu usiku tayari umekaa chini.

Hesabu sahihi ni: kushuka kwa maji + kina cha chombo chako + nusu mita ya akiba. Yaani 3.5 + 0.8 + 0.5. Unahitaji karibu mita 5 wakati huo wa jioni. Sogea nje mpaka bildi iseme hivyo.

Ukifika wakati wa kupwa, hesabu inageuka: kina kitaongezeka, na hofu yako iwe juu ya ufupi wa amari.

Urefu wa amari. Chukua kina wakati maji yamejaa, ongeza kimo cha omo (mbele ya chombo) kutoka majini, kisha zidisha mara 5. Kwa mfano wetu: mita 5 na mita 1 ni 6, mara 5 ni mita 30. Upepo ukiwa mkali zidisha mara 7, yaani mita 42. Amari fupi huinyanyua nanga kichwa kila wimbi linapopita, na nanga iliyonyanyuliwa haishiki. Amari ndefu inailaza na kuifukia.

Namna ya kuitia:

1. Shusha tanga. Elekeza omo kwenye upepo mpaka chombo kisimame.
2. Teremsha nanga taratibu hadi iguse chini. Usiitupe pamoja na furushi la kamba, itajizonga.
3. Acha chombo kirudi nyuma chenyewe huku ukiachia amari kidogokidogo.
4. Ukifika theluthi moja ya urefu, shika ili nanga iume. Kisha endelea kuachia.
5. Funga omoni, na uzungushie kitambaa pale amari inapokwaruza ubao.

Jaribio la mkono. Weka kiganja juu ya amari iliyokazika, mbele ya omo. Nanga ikiwa imeshika, unasikia mvuto mzito unaokuja na kuondoka pamoja na wimbi. Ikiwa inaburuta, amari inatetemeka na kugonga vidogovidogo, kisha inalegea ghafla, kisha inatetemeka tena. Ukishausikia mtetemo huo mara moja hutausahau. Ng'oa, rudia.

Jaribio la macho. Chagua vitu viwili vya nchi kavu vilivyonyooka ubavuni mwako, mnazi mbele ya nyumba kwa mfano. Baada ya nusu saa, na upepo haujageuka, viwe bado vimenyooka.

Onyo: usifunge amari tezi (nyuma ya chombo) hata kwa dakika tano. Wimbi linaingia nyuma na chombo kidogo kinajaa.

## Hatua ya 4: Ngama, asubuhi na jioni

Chombo cha mbao kinapokea maji, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni kutojua kinapokea kiasi gani.

Kila siku, mara baada ya kuamka na kabla ya kula jioni, ingiza fimbo ngamani na usome alama. Andika. Kisha fua maji yote, maliza kwa sponji. Baada ya siku tatu utaijua kawaida ya chombo chako. Siku ambayo alama imeruka mara mbili ya kawaida, usiondoke kwenda popote.

Kabla ya kufua, chovya kidole uonje. Maji matamu ni ya mvua au dumu linalovuja, tafuta juu. Maji ya chumvi yanatoka nje, tafuta chini. Jaribio hili linachukua sekunde moja na linakuepusha na kubomoa upande usio na kosa.

Chombo kilichokaa juani pwani kwa wiki kadhaa kitavuja sana siku ya kwanza, kwa sababu mbao zimesinyaa. Kiloweshe, kifue, kipe siku mbili tatu mbao zivimbe. Usianze kugongomea kalafati siku hiyohiyo: pamba iliyobanwa kwenye ufa wa ubao mkavu inaweza kuusukuma ubao nje ukivimba.

Umefaulu ikiwa harufu ya ngama ni ya mbao na chumvi tu. Harufu ya kuoza maana yake kuna mabaki ya samaki au mchele umeziba njia za maji kati ya mataruma (mbavu za chombo). Safisha hizo njia; zikiziba, maji yanakusanyika mahali fimbo isipofika.

## Hatua ya 5: Maji ya kunywa, moto na vyombo

Maji. Hesabu lita 6 kwa mtu kwa siku: nne za kunywa, mbili za kupikia. Watu watatu kwa siku tatu ni lita 54. Hayo ni madumu matatu, chukua manne. Lile la nne lifungwe peke yake na lisiguswe, maana madumu yakikaa pamoja moja likipasuka hujui limepotea lipi.

Yagawe madumu pande zote mbili za chombo, chini, yaliyofungwa. Lita 80 ni kilo 80, na zikihama upande mmoja wakati tanga limejaa upepo zitakupindua.

Chumvi ya bure. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Ukipika wali, kikombe kimoja cha maji ya bahari kwa vitano vya maji matamu kinatosha, huhitaji chumvi nyingine. Yachote nje ya ghuba, kwenye maji ya buluu. Maji ya karibu na mji na bandari usiyatie kwenye chakula kabisa.

Moto. Jiko likae ndani ya sanduku la mchanga, na sanduku lifungwe. Pika chombo kikiwa nangani, tanga limeshushwa. Chakula cha safarini kipikwe kabla ya kung'oa nanga: viazi vya kuchemsha, chapati, samaki wa kukaanga. Cheche moja kwenye tanga lililojaa upepo inatosha kumaliza safari.

Onyo kubwa: usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba au chini ya turubai lililofungwa pande zote, hata mvua ikinyesha, hata likionekana limezimika. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua mtu usingizini. Petroli ya mashine ikae upande wa pili kabisa wa chombo.

Vyombo. Futa mabaki, sugua kwa mchanga na maji ya bahari, suuza kwa bahari tena, malizia kwa nusu kikombe cha maji matamu. Osha mara tu baada ya kula. Sufuria ya ugali iliyolala usiku mzima itakunywea lita mbili za maji matamu asubuhi.

Nguo. Fua kwa bahari ukipenda, lakini suuza ya mwisho iwe ya maji matamu au mvua. Nguo yenye chumvi haikauki; inavuta unyevu wa usiku na kuleta vipele mwilini. Ukiwa na akiba ndogo, afadhali nguo moja kavu ya kulalia kuliko tatu zenye chumvi.

Taka zirudi nchi kavu zote.

## Hatua ya 6: Usiku

Washa taa nyeupe juu, ionekane pande zote. Taa ndogo ya wati 3 kwa saa 12 inakula kidogo sana. Sola ya wati 50 na betri ndogo vinaitosha pamoja na simu. Wavuvi wa usiku wanapita kwa kasi, na chombo cheusi kisicho na taa hawakioni.

Weka kengele ya simu kwa nyakati mbili: saa mbili baada ya kulala, na wakati wa kupwa kabisa, maji yanapogeuka kuanza kujaa. Amka, gusa amari, tazama alama zako za nchi kavu, pima kwa bildi. Dakika tatu, rudi ulale.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: usiku usisimame ukingoni kwenda haja. Tumia ndoo, umekaa, katikati ya chombo. Mtu anayeanguka usiku wakati wenzake wamelala, maji yanatoka, hana wa kumsikia. Wazoefu ndio wanaodharau zaidi, na ndio wanaozikwa.

## Hatua ya 7: Kusafisha chini ya chombo

Maji ya joto yanaotesha majani na magamba haraka, na minyoo ya bahari hutoboa mbao kutoka ndani bila kuonekana. Chombo chenye uchafu chini kinapoteza mwendo, na mwendo ukipotea hesabu zako zote za Pangani zinaharibika.

1. Panda siku moja au mbili kabla ya kilele cha bamvua. Wengi hupanda siku ya kilele chenyewe kwa kuwa maji yanafika juu zaidi. Lakini kesho yake maji hayatafika tena hapo, na utasubiri karibu wiki mbili hadi bamvua ijayo.
2. Chagua mchanga mgumu usio na mawe. Upitie kwa miguu wakati wa kupwa, siku iliyotangulia, uondoe kila kitu.
3. Ingia maji yakiwa karibu kujaa. Toa farumi (uzito wa kutulizia chombo), madumu na mizigo. Amua mapema kilalie upande gani.
4. Maji yakishuka, kwangua kuanzia juu kwenda chini kadiri yanavyokupisha. Magamba yakiwa bado na unyevu yanatoka kwa urahisi. Yakikauka unapambana nayo.
5. Kagua viungo vya mbao. Penye ufa, toa pamba iliyooza, bana mpya.
6. Pitisha moto wa makuti makavu chini ya mbao, haraka, bila kusimama mahali pamoja. Joto linaua minyoo iliyo karibu na uso wa ubao. Mtu mmoja ashike ndoo ya maji muda wote.
7. Paka deheni wakati mbao bado zina joto kidogo, inaingia vizuri.

Una saa sita hadi nane za kazi, kutegemea ulivyo juu pwani. Kwenye moto na deheni, anza na sehemu ya chini, ile inayoelekea mkuku (uti wa chini wa chombo), maana ndiyo itakayofikiwa na maji kwanza. Upande wa pili ungojee kupwa kunakofuata.

## Hatua ya 8: Chagua siku ya Pangani

Kutoka ndani ya ghuba ya Tanga hadi mlango wa mto Pangani ni kama maili 25 za bahari. Kwa mwendo wa maili 4 kwa saa ni saa sita na robo. Mlango una mafungu ya mchanga, kwa hiyo unaingia katika saa mbili za mwisho za maji kujaa, na si wakati mwingine.

Sasa panga kinyumenyume, kutoka mlangoni kurudi Tanga.

Siku ya bamvua maji yanajaa saa kumi jioni. Ukiondoka alfajiri utafika saa nne au saa tano asubuhi, na ndipo yamepwa kabisa. Utangoja nje mchana kutwa, upepo ukizidi. Usiende.

Tarehe 8 au 9, na tarehe 23 au 24 za mwezi mwandamo, maji ya asubuhi hujaa karibu saa tano hadi saa sita. Ukitoka saa kumi alfajiri unasaidiwa na maji yanayomalizia kutoka ghubani, na unafika mlangoni yakiwa yanamalizia kujaa. Kati ya hizo, napendelea tarehe 23: mwezi unachomoza usiku wa manane, na alfajiri una mwanga wa kung'olea nanga. Hakikisha kwa jedwali la mwezi wenyewe.

Msimu. Wakati wa kaskazi unashuka na upepo mgongoni. Ni safari nzuri. Wakati wa kusi upepo unakukabili, na mkondo wa bahari, ambao pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, unakuwa na nguvu zaidi. Hapo usilazimishe siku moja. Ondoka alfajiri na umande (upepo wa alfajiri) wa nchi kavu, lala Kigombe, kijiji kilicho njiani, kabla mchana haujachafuka, malizia alfajiri ya pili.

Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usiku wa kuamkia safari. Ikitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa au mawimbi ya mita 2, mashua ya mita 8 inabaki nangani.

## Hatua ya 9: Njiani

Mwambie mtu wa nchi kavu: unaondoka saa ngapi, mko wangapi, mnatarajiwa saa ngapi, na afanye nini msipofika. Simu ya "tumefika" ni wajibu wenu.

Kutoka ghuba asubuhi unaelekea mashariki, na jua likichomoza linakuwa usoni. Wakati huo mwamba huuoni hata ukiwa mbele yako. Fuata njia ya maboya hadi nje, usikate kona. Ukiwa umegeuka kusini na jua limepanda, maji yatakuonyesha: buluu nzito ni kina, kijani ni mchanga wa karibu, kahawia ni mwamba. Mtu mmoja asimame omoni kwa kazi hiyo tu.

Asiyeijua njia ya ndani apite nje ya visiwa vya Yambe na Karange.

Shika saa yako ya uamuzi. Ikifika saa tatu asubuhi hujaipita Kigombe, ingia Kigombe. Usijipe matumaini ya upepo utakaogeuka. Ukichelewa, maji ya Pangani yatakuwa yameanza kutoka, na mchana upepo wa baharini unaongezeka. Vitu hivyo viwili vikikutana mlangoni ndivyo vinavyovunja vyombo.

Kuna wanaotamani kusimama Maziwe. Ni fungu la mchanga lisilo na mti wala kivuli, liko kusini-mashariki ya Pangani, na bamvua hulifunika. Kwa mchana wenye maji ya kupwa ni mahali pa kupendeza. Kwa kulala hapana.

## Hatua ya 10: Mlango wa mto

Maji ya mto yanapotoka na upepo wa bahari unapoingia, mawimbi yanasimama wima na kuvunjika juu ya mafungu. Yakiwa yanaingia pamoja na upepo, mlango huohuo unapitika kwa utulivu.

1. Simama nje, kwenye kina, nusu saa nzima ukitazama. Ukiona mstari mweupe unaovunjika kila mara, hapo pana fungu. Njia ni pale maji yasipovunjika.
2. Ngoja mashua ya mwenyeji inayoingia, uifuate. Wavuvi wa Pangani wanalijua fungu lililohama mwaka huu. Ramani ya simu hailijui.
3. Majaketi okozi yavaliwe na wote kabla ya kuingia. Mizigo ifungwe, ngama ifuliwe iwe kavu.
4. Tanga libaki, mashine ikiwepo iwashwe tayari. Nanga iwe omoni, huru kutupwa.
5. Ingia na ushike kana (mpini wa usukani) kwa nguvu, tezi ikielekea wimbi moja kwa moja. Chombo kikigeuka ubavu mbele ya wimbi kinapinduka.
6. Ukishaanza, usigeuke katikati. Uamuzi wa kurudi unafanywa nje.

Ndani ya mto, kaa mbali na njia ya pantoni kati ya Pangani na Bweni. Tia nanga kwa hesabu ileile ya Hatua ya 3, na ongeza jambo moja: maji ya mto yanakwenda pande mbili, kwa hiyo baada ya kugeuka yanaweza kuing'oa nanga iliyoshika upande mmoja. Tia na ya pili, moja juu ya mto na nyingine chini yake, chombo kikae katikati.

Umefaulu ikiwa umeingia bila kugusa, nanga zote mbili zimeshika maji yalipogeuka, na ngama haikuzidi kawaida yake. Mpigie yule wa Tanga umwambie mmefika.

Kwa kurudi, toka mlangoni maji yakianza kupwa, katika saa ya kwanza, kabla hayajapata kasi. Msimu wa kusi upepo na mkondo vyote vinakusukuma nyumbani. Msimu wa kaskazi toka na umande wa alfajiri, na hesabu mwendo wako kuwa nusu ya ule wa kuja.